Azizi yangu, azizi wangu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu hadithi za vitu vya ajabu, zile za pete, panga na taa zinazompa mtu nguvu asizozaliwa nazo. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba waandishi wa hadithi hizo huwaonea wahusika wao huruma kupita kiasi: mtu akifanya uovu, lawama hutupiwa pete. La pili, kwamba Frodo, mhusika mkuu wa The Lord of the Rings cha J.R.R. Tolkien, hastahili kuitwa shujaa, kwa kuwa alibeba Pete yenye nguvu mbaya safari yote ile ili ikaharibiwe, na alipofika kwenye ufa wa moto akakataa kuitupa. Barua ile niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Haijanitoka moyoni, na leo nimeona niijibu.

Mimi ni bibi mwenye mjukuu wa miaka 12. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa namsomea The Lord of the Rings usiku kabla hajalala. Kitabu tulicho nacho ni cha Kiingereza, na yeye anataka kukisikia kwa Kiswahili, kwa hiyo macho yangu yanasoma lugha moja na mdomo unatoa nyingine. Kazi hiyo haina haraka. Ukitafsiri kwa mdomo huku mtoto anakutazama usoni, huwezi kuiruka sentensi inayokusumbua. Atakuuliza mbona umenyamaza. Mengi ninayoyasema hapa sikuyaona nilipokisoma peke yangu ujanani, nikikimbilia kujua nani atashinda.

Nianze na moto. Si ule wa mwisho aliouzungumzia msomaji mwenzangu, bali wa kwanza, moto mdogo wa kuota nyumbani kwa Frodo. Pete amekaa nayo miaka 17. Gandalf amekuja kumweleza ni kitu gani hasa alichorithi. (Gandalf nilishindwa kumwita mchawi, maana kwa msemaji wa Kiswahili mchawi ni mtu wa kudhuru, na mjukuu wangu alikataa katakata. Tukakubaliana aitwe Mzee Gandalf.) Frodo ameingiwa na hofu, anataka Pete iharibiwe. Mzee anamwambia: haya, jaribu. Frodo anaitoa mfukoni, nia yake ni kuitupa pale moto ulipo mkali kuliko kwingine. Anaitazama. Anaona dhahabu yake ilivyo safi na duara lake lilivyo kamili. Anaipima uzito kiganjani. Anasitasita, anajikaza, mkono unafanya kama unarusha, na hapo anagundua kwamba ameirudisha mfukoni.

Mjukuu wangu alinishika mkono. "Bibi, rudia hapo." Nikarudia. "Kwani nani aliyeirudisha?" Nikarudia mara ya tatu, nikitafuta ndani ya sentensi mtendaji mwingine asiyekuwa Frodo. Hayumo. Mkono ni wake na mfuko ni wake, ila yeye mwenyewe amekuta jambo limekwisha kufanyika.

Sasa, kwa hoja ya kwanza ya msomaji mwenzangu: je, hapo lawama ametupiwa nani? Mwandishi hakuandika kwamba Pete iliruka, wala kwamba sauti fulani ilimwamuru Frodo. Ameandika mtu anayetenda kwa mkono wake jambo asilolikusudia, na kulibaini likiwa limeshapita. Yeyote aliyewahi kuapa kuacha kitu anaujua mkono huo.

Kiswahili kimenisaidia kuyaona haya. Sisi tukitaka kusema kitu ni chetu, husema "nina pete", yaani mimi niko na pete, tuko pamoja. Sentensi yenyewe haisemi nani amemshika mwenzake. Usiku kwa usiku nilikuwa nikisema "Bilbo ana Pete" (ndiye jamaa aliyemrithisha Frodo), "Gollum alikuwa na Pete" (kiumbe wa pangoni aliyekaa nayo kabla ya Bilbo), na taratibu nikaanza kuisikia ikisema pande zote mbili.

Halafu kuna neno lile ambalo Pete humtia mtu mdomoni. Isildur, mfalme wa kale aliyeikata kwenye mkono wa adui aliyeifua, aliacha maandishi yanayoeleza jinsi ilivyomuunguza, na ndani yake akakiri kwamba ni ya thamani kwake ingawa anaigharimia kwa maumivu makubwa. Zaidi ya miaka 2,000 baadaye Gollum analitamka neno hilohilo gizani chini ya mlima. Kisha Bilbo, mtu mcheshi, mpenda wageni, siku anayotakiwa kuiacha Pete kwa Frodo analitamka sebuleni kwake, na Mzee Gandalf anamwambia kwa ukali kwamba Pete imewahi kuitwa hivyo, lakini si na yeye. Bilbo angalau aliwahi kumsikia Gollum. Gollum hakumsikia Isildur hata mara moja.

Neno hilo nimelitafsiri "azizi". Lakini mara tu baada ya azizi Kiswahili kinakudai jibu: ni azizi yangu, au azizi wangu? "Yangu" ni ya kitu. "Wangu" ni ya mtu, ya mtoto, ya mpenzi. Hilo lilinitoa jasho kuliko mashairi yote ya kitabu. Isildur nilimpa "azizi yangu", kwa sababu bado anaandika kama mfalme anayeeleza hazina ya ukoo. Gollum sikuwa na shaka naye, ni "azizi wangu", tena yeye hujiita mwenyewe kwa jina hilohilo, hata usijue kama anasema na Pete au na nafsi yake. Bilbo ndiye aliyenitega. Anaanza kwa kusema Pete ni yangu, mimi ndiye niliyeiokota, ilinijia mimi. Sauti inapanda, mkono unakwenda kwenye mpini wa upanga, mbele ya rafiki yake wa miaka mingi. Ilipofika zamu ya neno lile nilinyamaza kidogo, kisha likanitoka: azizi wangu.

"Umekosea, Bibi," mjukuu akasema. "Pete si mtu."

Nikamwambia aliyekosea ni Bilbo.

Ndiyo mabadiliko ninayoyazungumzia, Mhariri. Watu hufikiri kitu cha nguvu humbadilisha mwenye nacho siku anapokitumia: anapotoweka machoni pa watu, anapoua adui kwa pigo moja. Mimi naona hubadilika kwanza pale anapoulizwa alikipataje. Hapo ndipo Tolkien aliponishangaza zaidi, na kisa chake kinafaa kisimuliwe kwa wasiokijua.

The Hobbit, kitabu cha Tolkien kinachosimulia safari ya Bilbo, kilitoka mwaka 1937, na katika toleo hilo la kwanza Gollum alikuwa tayari kabisa kumpa Bilbo Pete kama zawadi endapo atamshinda kwa vitendawili. Pete ilikuwa ya ajabu lakini haikuwa na ubaya mkubwa. Baadaye, Tolkien alipokuwa akiandika kitabu kikubwa, akatambua kwamba mtu aliyekaa na Pete ile zaidi ya miaka 470 asingeweza kuitoa kama zawadi hata kwa kufa. Ikabidi sura ile iandikwe upya, na toleo jipya likatoka mwaka 1951: Gollum hatoi kitu, anapiga kelele za mwizi. Mwandishi mwingine angelifukia toleo la zamani. Tolkien akaliingiza ndani ya hadithi. Akasema maelezo yale ya kwanza ni uongo wa Bilbo, ndivyo alivyowaambia wenzake na kuandika katika kumbukumbu zake, ili haki yake juu ya Pete isiwe na shaka. Mtu mwaminifu ametoka pangoni na pete mfukoni, hajaua mtu, hajaiba kwa kukusudia, na jambo la kwanza analolifanya ni kurekebisha maelezo ya jinsi alivyoipata. Na Gollum naye alikuwa na ya kwake: alidai Pete ni zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Ukweli ni kwamba aliyeiokota mtoni ni rafiki yake Déagol, naye akamnyonga kwa ajili yake. Wawili hawa hawafanani kwa lolote, lakini wote wamejipa zawadi.

Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini Bilbo adanganye wakati hakuna ambaye angemlaumu. Sikumjibu usiku ule. Nilikuwa naitazama saa yangu ya mkononi.

Saa hiyo ilikuwa ya baba yangu. Alipofariki ilikuwa kwenye droo ya meza yake, juu ya karatasi zilizokunjwa, na mimi niliitoa kabla ndugu zangu hawajafika, nikaivaa. Kaka yangu alipoiona mkononi mwangu alisema tu, "Kumbe saa unayo wewe." Nikamjibu kwamba Baba alinipa. Hakuna aliyenishtaki, na ingegawiwa pengine ningepewa mimi. Lakini kwa miaka 26 nimekuwa nikisema Baba alinipa, na kadiri miaka ilivyokwenda niliongezea: alinipa akiwa kitandani, alinifunga mkanda kwa mikono yake. Ninauona ule mkanda ukifungwa. Halikutokea.

Katika baraza la Rivendell, linaloamua Pete ifanywe nini, Bilbo anasimama mbele ya watu na kusema sasa atasimulia ilivyokuwa kweli, na anawaomba msamaha waliomsikia akisimulia vingine. Ni sentensi mbili tatu tu, na wasomaji wengi huzipita wakielekea kwenye uamuzi wa baraza. Kwangu zina uzito kuliko vita vyote vinavyofuata. Nilimpigia kaka simu siku ya pili yake. Alinyamaza, kisha akasema, "Kaa nayo, dada." Bado nimeivaa, ila sasa nikiulizwa nasema niliichukua.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu anaposema pete hubebeshwa lawama, mimi namwomba atazame kila mmoja alianzaje. Sméagol, ambaye ndiye Gollum baadaye, aliua kabla hata hajaivaa. Isildur alishauriwa aiharibu palepale, moto ukiwa karibu, akakataa akisema ni fidia ya baba yake na ndugu yake. Ikamponyoka kidoleni akiogelea kukimbia adui, mishale ikamwona. Bilbo alianza umiliki wake kwa huruma: alikuwa amesimama juu ya Gollum, haonekani kwa nguvu ya Pete, upanga mkononi, akaacha kuua. Mzee Gandalf anasema wazi kwamba kwa sababu hiyo Bilbo alidhurika kidogo. Miaka 60 na Pete, na bado aliweza kuiacha. Vibaya, lakini aliweza: anaitoa bahasha aiweke karibu na saa iliyo juu ya meko, mkono unashtuka kurudi nyuma, bahasha inaanguka chini, na Mzee anaiwahi. Hasira inampita Bilbo usoni, kisha anacheka. Mlango wa kuingilia ndio huohuo wa kutokea, na aliyeingia kwa damu hakuuona tena.

Nina ugomvi mdogo na kisa cha kale sana cha namna hii, kile ambacho Plato aliandika kwa Kigiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mchungaji wa Lydia anaona ardhi imepasuka baada ya tetemeko, anashuka, anakuta farasi wa shaba mwenye vijilango ubavuni, na ndani yake maiti kubwa kuliko binadamu, haina kitu ila pete ya dhahabu. Anaivua, anapanda juu. Siku moja akiwa kikaoni na wachungaji wenzake anageuza kito chake kuelekea kiganjani, na wenzake wanaanza kumzungumzia kama mtu aliyekwisha kuondoka. Mpaka hapo ni hadithi nzuri mno. Kisha kwa pumzi moja anamtongoza malkia, anamuua mfalme, anatwaa ufalme. Basi. Msimuliaji ana hoja anayoikimbilia, kwamba hakuna mwadilifu atakayebaki mwadilifu akiwa haonekani, na mchungaji amekuwa mfano tu. Mimi nataka usiku ule wa kwanza, amelala karibu na kondoo, anageuza kito, anakirudisha, anakigeuza tena. Hatukupewa.

Honoré de Balzac alitupa usiku kama huo. Katika riwaya yake ya mwaka 1831, kijana Raphaël aliyekuwa anakwenda kujiua anapewa kipande cha ngozi kinachotimiza kila analolitamani, na kila tamanio hupunguza ngozi pamoja na siku zake za kuishi. Anafanya nini akishatajirika? Anaitundika ngozi ukutani juu ya kitambaa cheupe na kuizungushia mstari mwekundu, ili aone inavyojikunja kuacha mstari. Anapanga nyumba yake asilazimike kutamani chochote: mtumishi ampe chakula kabla hajakitaka, milango ifunguke yenyewe, mtumishi asimwulize kamwe kama angependa hiki au kile. Siku mwalimu wake wa zamani anakuja kuomba msaada, Raphaël kwa mazoea ya adabu anamtakia afanikiwe, na palepale anageuka kutazama ukutani. Pengo jeupe limeonekana kati ya ngozi na mstari. Anamfokea mzee wa watu kwa neno la heri alilolitamka yeye mwenyewe. Hadithi nyingine humfanya mwenye kitu kuwa mlafi. Huyu amefanywa kuwa mtu asiyeweza kumtakia mwenzake mema.

Upanga wa Elric, ambaye Michael Moorcock alianza kumwandika mwaka 1961, siusomi kwa mjukuu wangu. Elric ni mfalme dhaifu wa mwili, upanga unakunywa roho za watu na kumpa yeye nguvu, na mpenzi wake mwenyewe anakufa kwa upanga huo. Kinachouma ni kwamba Elric anajua na kuuchukia, na bado anauokota, kwani bila huo hawezi hata kusimama. Hapo hakuna siri ya kugundua, kuna mwili tu ambao umeshazoea.

Kuna hadithi moja ambayo ningeomba msomaji mwenzangu aitafute kabla ya zote, The Bottle Imp ya Robert Louis Stevenson, ya mwaka 1891, mwaka ambao ilichapishwa pia kwa Kisamoa. Chupa ina shetani ndani. Hutimiza maombi, lakini anayekufa akiwa nayo anakwenda motoni, na haiuziki ila kwa bei ya chini ya ile uliyonunulia, kwa sarafu halisi. Keawe wa Hawaii anainunua, anapata nyumba nzuri, anaiuza, anapumua. Kisha anampenda Kokua, na kabla ya ndoa anagundua ana ukoma. Anaifuata chupa na kuikuta imeshuka hadi senti moja. Ainunue apone, lakini basi hataweza kumuuzia mtu, maana hakuna sarafu chini ya senti. Anainunua.

Anapona, wanaoana, na nyumba inajaa kilio. Kokua anapoujua ukweli anakumbuka kwamba kwenye visiwa vya Wafaransa kuna sentimo, ndogo kuliko senti. Wanasafiri hadi Tahiti, hakuna anayetaka kununua. Ndipo Kokua, kwa siri, anamtuma mzee mmoja ainunue kutoka kwa mumewe kwa sentimo nne, na yeye anaipokea kwa mzee kwa tatu. Amejitia motoni ili mume atoke. Keawe, asiyejua, anafurahi, hata anamkasirikia mkewe kwa nini hafurahi naye. Siku anapomwona ameketi na chupa mbele yake anaelewa, na yeye naye kwa siri anakwenda kutafuta mtu wa kuinunua kwa mbili, ili yeye aichukue kwa moja, ya mwisho kabisa.

Mke na mume wanaibiana chupa ya jehanamu, kila mmoja ili abaki nayo yeye. Chupa ni ileile iliyowaharibu waliotangulia. Jirani mwenye wivu angeiona na kusema wawili hawa wamelewa tamaa, wote wanaitaka. Nami nilipoifunga hadithi hiyo nilijua ni kitu gani kilikosekana katika barua ya msomaji mwenzangu: amehesabu nani alikuwa na kitu na nani alikiachia, hakuuliza kila mmoja alikichukua kwa ajili ya nani.

Nirudi kwa Frodo, nimalize. Kule Rivendell kijana Pippin anamwita bwana wa Pete kwa furaha, na Mzee Gandalf anamnyamazisha: bwana wa Pete si Frodo, ni yule adui wa mnara wa giza. Frodo ni mbebaji. Mimi hapo nilijifunza kutosema "mwenye Pete" nikimtaja Frodo, nikasema "mbeba Pete", na nilijitahidi kushika utaratibu huo hadi mwisho. Mtu aliyerithi mzigo akaukubali mbele ya baraza lote, akijua njia haijui.

Lakini kuibeba nako kunakula. Ndani ya Mordor, nchi ya adui, Sam, mtumishi na rafiki anayesafiri naye, anamkumbusha mlo waliokula njiani, sungura waliopikwa vizuri, na Frodo anamjibu kwamba hakumbuki tena ladha ya chakula, wala maji mwilini, wala sauti ya upepo, wala mti, wala ua, wala sura ya mwezi. Mjukuu wangu, ambaye huchukia kulia mbele yangu, aligeukia ukutani. Baadaye kidogo Frodo anaishiwa kabisa, na Sam anambeba mgongoni. Sam amejiandaa kwa uzito wa kutisha, wa bwana wake na wa Pete juu yake. Anamwinua na kushangaa: ni mwepesi. Mzigo uliokuwa ukimvunja Frodo shingo, aliyembeba Frodo hausikii.

Msomaji mwenzangu asijione yuko peke yake. Tolkien mwenyewe aliwahi kueleza kwamba aliletewa barua kali iliyodai Frodo angepaswa kuuawa kama msaliti badala ya kuheshimiwa. Jibu lake lilikuwa kwamba pale mwisho, baada ya miezi ya mateso, hakuna ambaye angeweza kuishinda Pete kwa hiari yake, na kwamba Frodo alitoa kila alichokuwa nacho na kuifikisha mahali ambapo ingeweza kuharibiwa. Nami ninaongeza hili: mtu aliyeshindwa kuitupa kwenye moto wa nyumbani kwake, siku ya kwanza, akiwa ameshiba na kupumzika, nani aliyetarajia aitupe baada ya hapo? Mwandishi alituonyesha mkono ule mapema. Frodo aliondoka nyumbani akiujua mkono wake, na bado akaondoka.

Anasema Pete ni yake, anaivaa. Gollum, ambaye Bilbo alimhurumia na Frodo akamhurumia tena, anamrukia, anakitafuna kidole pamoja na Pete, na kwa furaha yake anateleza na kuangukia motoni. Sisi tunaopendana sana huambiwa tuko kama chanda na pete. Nilipofika hapo nilifunga kitabu juu ya goti langu. Methali hiyo nimeitumia arusini maisha yangu yote, na sikuwahi kuifikiria kwa upande wa chanda.

Haikuishia hapo, na ningependa wanaomhukumu Frodo wafike ukurasa huu. Vita vimekwisha, yuko nyumbani, watu wanalima na kujenga upya. Inapofika tarehe 13 Machi, mkulima mmoja mzee anamkuta kitandani, ameshikilia kito cheupe alichopewa, kinachoning'inia shingoni kwa mkufu, pale Pete ilipokuwa ikining'inia. Anasema Pete imetoweka milele, na sasa kote ni giza na utupu. Sam hayupo siku hiyo. Akirudi, Frodo ameshaamka na anajitahidi asionekane na kitu.

Usiku huo mjukuu wangu hakuuliza swali. Alinishika kifundo cha mkono, palipo na saa, akakaa hivyo mpaka akalala.

Tumebakiza kurasa chache na wiki hii tutazimaliza. Ikiwa msomaji mwenzangu atafungua tena kitabu chake, naomba aanzie kwenye ule moto wa nyumbani, kisha atuandikie tena humuhumu. Barua yake nitaisoma kwa sauti, na mjukuu wangu atakuwepo.

Ni mimi,
Bibi msomaji